Mtwapa hadi Ngomeni kwa wikendi moja: msafiri wa peke yake na saa za maji

Barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi huingia Kaunti ya Kilifi kwenye daraja la Mtwapa, na kwa wakazi wengi ni barabara ya shughuli. Wanaipita kwenda hospitali, kwenda kortini, kupeleka maembe na nazi sokoni, kisha wanarudi nyumbani. Mtu wa Ganze au Kaloleni aweza kumaliza miaka bila kukanyaga mchanga wa Watamu, huku mgeni aliyeshuka ndege juzi pale Malindi akiwa ameshapiga picha huko mara tatu.

Makala haya yanaeleza jinsi mkazi mmoja, bila kundi, anavyoweza kuitembelea pwani hiyo kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumapili jioni, kwa gari lake, kwa pikipiki au kwa matatu. Umbali si tatizo: kutoka Mtwapa hadi Malindi ni kilomita 100 hivi, na njia yote ni lami. Tatizo ni kwamba wengi hupanga safari kwa saa ya mkononi na kusahau kwamba bahari ina saa zake. Kwa anayesafiri peke yake jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu maji yakimzunguka hakuna mwenzake ufuoni wa kugundua kwamba amechelewa.

MAJI HUJAAJE

Katika pwani ya Kenya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazofanya maji ya leo yasilingane na ya jana. Ufuo uliokauka Jumamosi saa nne asubuhi utakauka Jumapili karibu na saa tano.

Kiasi cha maji nacho hubadilika. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja na ndipo huja bamvua. Maji hupanda juu kabisa na kushuka chini kabisa, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kuna miezi ambapo hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, na tofauti yaweza kushuka hadi mita moja hivi. Anayefuata tarehe za Kiislamu ana kalenda tayari nyumbani: bamvua hushika karibu na tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17, na maji mafu karibu na tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25.

Wavuvi wa Kilifi wanajua jambo jingine ambalo wageni wengi hawalijui. Katika pwani hii bamvua huwa na saa zake zilezile. Maji hukauka kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri. Kwa hiyo mtu anaweza kuutazama mwezi usiku wa Alhamisi na kukisia wikendi yake itakuwa ya aina gani. Kukisia pekee hakutoshi. Halmashauri ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji kila mwaka, na zipo programu za simu zinazoonyesha saa hizo kwa Malindi na Kilifi. Hapa pana mtego mdogo: jedwali huandika saa kwa mtindo wa 24, hivyo 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, na 16:40 ni saa kumi na dakika arobaini jioni. Msomaji atoe sita kabla ya kupanga lolote, na kwa saa za usiku kuanzia 19:00 atoe kumi na nane kama anahesabu kwa tarakimu.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa huongezeka kidogo sana, karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya kiasi chote. Saa ya pili ni sehemu mbili. Saa ya tatu na ya nne ni sehemu tatu kila moja, kisha kasi hupungua tena. Chukua bamvua lenye tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30, na mtu aliye mwambani anaona kama hakuna kilichobadilika. Saa ya tatu hupanda sentimita 90 ndani ya saa moja, yaani kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kiunoni. Utulivu wa saa ile ya kwanza ndio unaowadanganya watu.

Umbo la pwani yenyewe huongeza hatari. Kutoka Kikambala hadi Malindi mwamba wa matumbawe umejipanga mbele ya ufuo, na mara nyingi ukingo wake wa nje uko juu kuliko sehemu iliyo kati yake na mchanga. Maji yanapojaa hupenya kwanza kwenye milango ya mwamba na kujaza ile sehemu ya ndani. Aliyesimama ukingoni akitazama mawimbi mbele yake bado yuko pakavu, na huku nyuma njia aliyojia imeshakuwa mkondo. Wavuvi wa miguu na akina mama wanaookota pweza huondoka mwambani mapema, mara tu maji yanapogeuka. Mgeni akiwaona wanarudi, naye arudi, hata kama kwake bado panaonekana pakavu.

IJUMAA: MTWAPA HADI KILIFI MJINI

Anayepata nafasi ya kuondoka mapema Ijumaa alasiri asiiruke Jumba la Mtwana, kilomita chache kutoka Mtwapa. Ni mji wa karne ya 14 uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na mmoja wa misikiti yake umesimama ukingoni kabisa mwa bahari. Uko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kama ilivyo Mnarani na Gede. Mwananchi mwenye kitambulisho hutozwa ada ndogo kuliko mgeni wa nchi za nje, kwa hiyo kitambulisho kisiachwe nyumbani.

Kutoka hapo barabara hupita Kikambala na mashamba ya mkonge ya Vipingo. Sehemu ya Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa katika miaka ya karibuni, na dereva aliye peke yake atarajie michepuko, vumbi na matuta yasiyo na alama. Ni bora kuimaliza kabla ya giza. Jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, na baada ya hapo barabara hubaki na watembea kwa miguu, baiskeli na bodaboda zisizo na taa.

Upande wa kulia kuna njia ya kwenda Takaungu, mji mdogo ambao sehemu ya ukoo wa Mazrui ilihamia baada ya kuipoteza Mombasa mwaka 1837. Karibu nao yako majabali ya Vuma, ambayo vijana huyapenda kwa picha za mawimbi yakipasuka. Msimu wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi hayo hurukia juu ya jabali bila taarifa, na mawe ya ukingoni yameliwa na maji kutoka chini. Mtu wa peke yake hana sababu ya kusimama ukingoni pale.

Kabla ya kuvuka mkondo wa Kilifi, upande wa kusini, yako magofu ya Mnarani yenye misikiti na kaburi la mnara lililoupa mtaa huo jina. Daraja lenyewe lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo magari yalivuka kwa feri, na wazee wa Kilifi bado wanahesabu safari za zamani kwa urefu wa foleni ya feri. Msafiri alale Kilifi mjini. Gesti ni za bei mbalimbali, na Bofa ni karibu kwa atakayetaka kutembea ufuoni alfajiri.

JUMAMOSI: SIKU YA WATAMU

Hapa ndipo saa za maji huamua kila kitu.

Kama ni wikendi ya bamvua, aondoke Kilifi saa moja asubuhi. Barabara itafuata ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita mraba 420 hivi, msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake wanaishi bundi mdogo wa Sokoke na sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, wanyama ambao watu huvuka bahari kuja kuwatafuta. Kwenye makutano ya Gede apinde kulia, na saa mbili na nusu atakuwa Watamu akiwa na saa mbili nzima kabla maji hayajakauka kabisa.

Hifadhi ya bahari ya Watamu na ile ya Malindi zilitangazwa mwaka 1968, na zinahesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Ada ya KWS hulipwa kupitia eCitizen, na ni vizuri ilipwe kabla ya kufika, mtandao ungali mzuri. Ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuokota kombe, konokono wala vipande vya matumbawe, hata vilivyokufa. Anayetembea kwenye vidimbwi vya mwambani avae viatu vyenye mikanda, akanyage mchanga na si matumbawe hai, na aweke kengele ya simu ilie nusu saa baada ya maji kukauka. Kengele ikilia, anarudi. Nusu saa inayobaki ya ile saa ya utulivu ndiyo ya kumfikisha ufuoni.

Kati ya Watamu na Malindi, mbele ya Mayungu, hutokea kisiwa cha mchanga mweupe wakati maji yamekupwa na hutoweka yakijaa. Waongoza watalii wamezoea kukiita kwa jina la Kiitaliano, Sardegna Due. Mtu asikiendee kwa miguu wala kwa kuogelea. Aende kwa mashua, akubaliane na nahodha saa ya kurudi kabla ya kulipa, na aulize kama mashua itamsubiri palepale au itakwenda kuchukua wengine. Kwa abiria wa peke yake swali hilo la mwisho lina uzito kuliko bei. Maboya ya kuvaa yawepo, na aliyepanda avae lake.

Saa saba mchana maji yako katika saa ya tatu, ufuo unazidi kuwa mwembamba, jua ni kali. Ndio wakati wa Gede. Mji huu uliojengwa kwa mawe ya matumbawe ulistawi hasa karne ya 15 na ukahamwa karne ya 17. Julai 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Uko kilomita kadhaa kutoka baharini, jambo ambalo wanahistoria wameliuliza kwa muda mrefu, na ndani yake kuna visima, msikiti mkuu, jumba la kifalme na miti mikubwa iliyoota katikati ya kuta. Kuna kivuli cha kutosha. Kima wa pale wamezoea watu, na ndizi iliyoshikwa mkononi haidumu.

Saa kumi jioni, bamvua likiwa limejaa au karibu kujaa, mkondo wa Mida unapendeza kuliko wakati mwingine wowote. Mida haina mto mkubwa unaoingia ndani yake. Maji yake huja kutoka baharini na chini ya ardhi. Maji yanapojaa, ndege waliotawanyika kwenye matope husukumwa karibu na mikoko, na wanaonekana vizuri kutoka kwenye njia ya mbao iliyoning'inizwa kati ya miti. Wako chekwa na wengine wengi waliokuja kutoka Ulaya na Asia kukwepa baridi. Mtumbwi wa wenyeji hupita kwa raha ndani ya mikoko. Yakishaanza kupwa, mlango wa Mida huvuta maji kuelekea baharini kwa nguvu nyingi. Hapo si pa kuogelea, hata kwa anayejua.

Kama wikendi imeangukia maji mafu, ratiba igeuzwe. Mwamba hautakauka vya kutosha kutembea, na kisiwa cha Mayungu huenda kisionekane kabisa. Lakini asubuhi maji yatakuwa yamejaa, yametulia, na mkondo ni dhaifu. Ni wikendi nzuri ya kuogelea karibu na ufuo na ya mtumbwi wa Mida asubuhi, kisha Gede mchana.

JUMAPILI: MALINDI NA KASKAZINI YAKE

Malindi mjini haihitaji zaidi ya saa mbili. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika Aprili 1498 na kupata hapa rubani wa kumvusha hadi India, imesimama kwenye ncha ya jabali linalomegwa na bahari. Anayeshangaa kwa nini maji ya Malindi ni ya kahawia baadhi ya miezi atapata jibu kilomita chache mbele, kwenye daraja la Sabaki. Mto huo hubeba udongo kutoka bara, na wakati wa kaskazi mkondo wa bahari huusukuma udongo huo kusini kuelekea mji. Kusi kikivuma, tope hilo huelekea kaskazini.

Baada ya Sabaki ni Mambrui, mji wa zamani wenye kaburi la mnara na ufuo mpana. Hapa na Takaungu watu ni wenye staha, na leso ya kujifunga mtu akitoka majini haina uzito mkobani. Mbele zaidi, kupitia Gongoni na majaruba yake ya chumvi, ni Ngomeni. Baharini mbele ya Ngomeni bado yanaonekana majukwaa ya chuma ya kituo cha San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967. Setilaiti moja ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 ikapewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ni ajabu kwamba watoto wengi wa kaunti hii humaliza shule bila kuambiwa.

Asiyetaka bahari tena anaweza kuachana na Ngomeni na kwenda Marafa kuona korongo la Nyari. Picha nzuri za Nyari hupigwa jua linapotua, lakini dereva wa peke yake atakayesubiri machweo atarudi Malindi gizani. Asubuhi inatosha. Mafuta yajazwe Malindi.

UFUO NI WA NANI

Swali hili huulizwa sana na wakazi wanaosimamishwa na walinzi wakitembea mbele ya hoteli au nyumba za watu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inataja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mkazi anayetembea kwenye mchanga ule hahitaji kuwa mgeni wa hoteli yoyote. Ila haki hiyo haimpi ruhusa ya kukatiza kiwanja cha mtu kufika ufuoni. Aingie kwa njia ya umma, ile wanayopitia wavuvi na wauza samaki.

Kuna upande mwingine wa mambo ambao sheria haiwezi kuubadilisha. Bamvua likijaa, ukanda huo wa umma hutoweka katika sehemu nyingi, na maji hugonga kuta moja kwa moja. Anayetembea ufuoni saa tisa alasiri akiwa na ukuta mrefu kulia na bahari kushoto anaweza kufika mahali ambapo hawezi kwenda mbele wala kurudi. Kabla ya kuanza matembezi marefu, ajue njia inayofuata ya kutokea iko wapi, na aanze maji yakiwa yanapwa.

MTU MMOJA NYUMBANI AJUE

Kabla ya kuingia majini au mwambani, msafiri amtumie mtu mmoja ujumbe wenye mambo matatu: yuko wapi, atatoka saa ngapi, na saa ngapi mtu huyo aanze kutafuta msaada asiposikia kitu. Kwa mfano: «Niko Watamu mwambani. Natoka saa tano na nusu. Ikifika saa sita na nusu sijapiga, piga 999.» Nambari ya 112 pia hufanya kazi. Ni vizuri pia mtu wa palepale ajue, kama mama anayeuza viazi karai ufuoni au wanachama wa BMU kwenye bandari ya wavuvi. Hao ndio wenye mashua, na ndio watakaofika kwanza. Mzee wa pale akiulizwa kwa adabu maji yanageuka saa ngapi, atajibu bila kutazama simu.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Ikitolewa, Jumamosi ya baharini iahirishwe, na Gede na Nyari zibaki.

Anayerudi kwa matatu aondoke Malindi kabla ya saa tisa alasiri Jumapili. Baada ya hapo magari hujaa haraka, na anayeshuka Mavueni kuunganisha gari la Kaloleni anaweza kusubiri hadi giza. Mwenye gari naye atakuta foleni ikianza kabla ya Mtwapa.